Mazungumzo ya mishahara kazini

Mazungumzo ya mishahara kazini ni hali ya wafanyakazi wa mwajiri mmoja kuambiana wao kwa wao kiasi wanacholipwa. Yanatofautiana na uwazi wa mishahara, ambapo mwajiri au serikali ndiyo inayotangaza viwango. Panapokuwa na viwango vilivyotangazwa, wafanyakazi huzungumza bila woga kwa sababu hakuna siri ya kufichua. Pasipokuwa navyo, mazungumzo hayo huwa karibu njia pekee ya mtu kujua kama analipwa sawa na mwenzake anayefanya kazi ileile.

Sababu za usiri

Katika jamii nyingi kumwuliza mtu mshahara wake huonekana kuwa utovu wa adabu. Wengine huogopa wivu, wengine huogopa kuombwa mikopo, na wako wasiotaka ndugu zao wajue wanapata nini. Mwenye mshahara mdogo huona haya kuutaja, na mwenye mkubwa huchelea kuonekana anajivuna.

Usiri mwingine hutoka kwa mwajiri. Kampuni nyingi binafsi hupanga mshahara wa kila mtu kwa maelewano wakati wa kuajiri: aliyeomba kikubwa hupewa kikubwa, aliyeogopa kuomba hupewa kidogo. Mpango wa namna hiyo hudumu tu iwapo watu hawalinganishi. Kwa hiyo mikataba mingine huwa na kifungu kinachomkataza mfanyakazi kutaja mshahara wake. Wengi wanaosaini vifungu hivyo huvichukulia kana kwamba ni sheria ya nchi, ingawa ni masharti ya mwajiri tu, na katika nchi kadhaa hayana nguvu mahakamani.

Marekani

Sheria ya Taifa ya Mahusiano ya Kazi, iliyotiwa saini na Rais Franklin D. Roosevelt mwezi Julai 1935, iliwapa wafanyakazi wa sekta binafsi haki ya kushirikiana ili kuboresha hali zao za kazi, wawe na chama cha wafanyakazi au wasiwe nacho. Kwa kuwa hawawezi kudai pamoja wasichokijua, haki hiyo imetafsiriwa kuwa inahusu pia kuambiana mishahara. Hata hivyo sheria hiyo haiwahusu watumishi wa serikali, vibarua wa mashambani, watumishi wa majumbani wala wasimamizi.

Kesi inayotajwa zaidi ni ya Lilly Ledbetter. Aliajiriwa mwaka 1979 katika kiwanda cha matairi cha Goodyear mjini Gadsden, Alabama, akawa msimamizi. Kuzungumzia mishahara hakukuruhusiwa kazini hapo. Karibu na mwisho wa utumishi wake alikuta karatasi isiyo na jina la mwandishi, ikionyesha mshahara wake pamoja na ya wanaume watatu wa cheo chake. Yeye alikuwa analipwa dola 3,727 kwa mwezi. Kati ya wanaume wa cheo hicho, aliyelipwa kidogo kuliko wote alipata dola 4,286 na aliyelipwa zaidi 5,236.

Ledbetter alishtaki, na baraza la wazee wa mahakama likampa haki. Lakini mwaka 2007 Mahakama Kuu ya Marekani, kwa kura 5 dhidi ya 4, iliamua kwamba amechelewa: alipaswa kulalamika ndani ya siku 180 tangu mwajiri alipofanya uamuzi wa kumpunja. Jaji Ruth Bader Ginsburg alipinga, akieleza kwamba tofauti za mishahara aghalabu hufichwa, hivyo mtu hawezi kulalamikia asilolijua. Bunge lilibadilisha sheria, na tarehe 29 Januari 2009 Rais Barack Obama alitia saini sheria yenye jina la Ledbetter, inayohesabu kila malipo yenye upunjaji kuwa kosa jipya. Mwenyewe hakupata fidia yoyote. Sheria hiyo pia haikuondoa chanzo cha tatizo lake, yaani miaka karibu 20 ya kutojua.

Ulaya na Australia

Nchini Uingereza, Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 haizuii vifungu vya usiri kuandikwa, ila inavinyima nguvu pale mazungumzo yanapolenga kugundua ubaguzi wa malipo. Australia ilikwenda mbali zaidi: tangu Desemba 2022 mfanyakazi ana haki ya kusema au kutosema mshahara wake, na haki ya kumwuliza mwenzake. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2023 agizo linalozitaka nchi wanachama zikataze vifungu vya usiri na ziwalazimishe waajiri kumweleza mwombaji kazi kiwango cha mshahara mapema, bila kumwuliza alikuwa analipwa kiasi gani alikotoka.

Norwei ni mfano wa pekee, kwa kuwa kipato cha kila mlipakodi kinaweza kutazamwa na umma. Tangu mwaka 2014 anayetazama kipato cha mwingine huonekana jina lake na yule aliyetazamwa. Baada ya badiliko hilo, watu waliochungulia walipungua sana.

Afrika ya Mashariki

Katika Afrika ya Mashariki suala la mishahara ya kazi ileile lina historia chungu. Wakati wa ukoloni watumishi wa serikali nchini Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar walilipwa kwa rangi: Wazungu viwango vyao, Waasia vyao, Waafrika vyao. Tume ya Holmes ya miaka 1947-1948 haikuuondoa ubaguzi huo bali iliupa hesabu. Ilipendekeza kwamba asiye Mzungu akishika nafasi ileile ya Mzungu alipwe sehemu tatu kwa tano za mshahara wa Mzungu. Hapa hapakuwa na siri yoyote. Karani Mwafrika hakuhitaji kumwuliza mtu, kwani dharau ilikuwa imechapishwa, na pengine ndiyo sababu ilipingwa kwa sauti moja. Tume ya Lidbury ilipendekeza mwaka 1954 kuondoa viwango vya rangi, ingawa maofisa kutoka ng'ambo waliendelea kupewa nyongeza ya kuwavutia, na kwa njia hiyo pengo likabaki kwa jina lingine.

Baada ya uhuru utumishi wa umma ulibaki na desturi ya ngazi zinazojulikana. Nchini Tanzania walimu wa serikali hupangwa katika ngazi za TGTS: mwenye stashahada huanzia ngazi C, mwenye shahada ngazi D, na namba inayofuata herufi huonyesha hatua aliyofikia. Ndiyo maana katika chumba cha walimu mtu hasemi kiasi. Husema "mimi niko D4" na wenzake wameshajua. Mazungumzo hayo yamewasaidia wengi kugundua kwamba wamecheleweshwa kupanda daraja wakati wenzao walioajiriwa nao siku moja wamekwisha kupanda. Nchini Kenya, Katiba ya 2010 iliunda Tume ya Mishahara na Marupurupu, ambayo hupanga malipo ya maofisa wa serikali na kuyatangaza katika gazeti rasmi.

Mfano wa karibu ulitokea Tanzania mwezi Julai 2022. Serikali ilikuwa imetangaza ongezeko la asilimia 23.3. Mishahara ilipoingia, wafanyakazi walilinganisha nyongeza zao na wengi wakaona kwamba zao ni ndogo kuliko walivyotarajia. Malalamiko yakawa makubwa, na serikali ikaeleza kuwa asilimia hiyo ilihusu kima cha chini tu, kilichotoka shilingi 300,000 hadi 370,000, na kwamba asilimia ilipungua kadiri mshahara ulivyokuwa mkubwa. Hesabu haikuwa na kosa; tatizo lilikuwa katika namna habari ilivyosikika.

Katika sekta binafsi hali ni nyingine. Serikali ya Tanzania hutangaza kima cha chini kwa kila sekta, lakini juu ya hapo kila mwajiri hupanga anavyoona, isipokuwa palipo na mkataba wa hali bora uliofikiwa na chama cha wafanyakazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ahakikishe malipo sawa kwa wanaume na wanawake wanaofanya kazi zenye thamani sawa, na Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inadai malipo sawa kwa kazi zenye thamani sawa. Sheria hizo zinazungumzia usawa, si mazungumzo. Kwa hiyo mfanyakazi ana haki ya kulipwa sawa, lakini namna ya kujua kwamba halipwi sawa ameachiwa mwenyewe.

Kinacholinganishwa

Ugomvi mwingi hutokea kwa sababu watu hutajiana kiasi kinachobaki mkononi. Kiasi hicho hakifai kulinganishwa. Tuseme watumishi wawili wa Tanzania wana mshahara wa msingi wa shilingi 800,000. Mmoja anarejesha mkopo wa elimu ya juu, unaokatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, yaani shilingi 120,000. Mwingine hakuwahi kukopa. Wote wawili wanalipwa sawa, ingawa mmoja ataona amepunjwa. Zikiongezwa rejesho la benki na michango ya chama cha akiba na mikopo, tofauti huwa kubwa zaidi. La kulinganisha ni mshahara wa msingi pamoja na posho, kabla ya makato, kwa watu wenye cheo, sifa na miaka ya kazi inayokaribiana.

Tena kuna tofauti kati ya kutaja mshahara wako na kutoa wa mwingine. Mhasibu au afisa utumishi anayeona orodha yote ya malipo akiisambaza hasemi habari zake. Sheria za kulinda taarifa binafsi, ya Kenya ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya mwaka 2022, zinahusu mambo ya namna hiyo.

Matokeo

Mwaka 2008 gazeti la Sacramento Bee liliweka wazi mishahara ya watumishi wa jimbo la California. Wachumi David Card, Alexandre Mas, Enrico Moretti na Emmanuel Saez waliwafahamisha baadhi ya wafanyakazi wa Chuo Kikuu cha California juu ya orodha hiyo, kisha wakawauliza maoni. Waliojikuta chini ya mshahara wa kati wa idara yao waliridhika kidogo zaidi na kazi na wakafikiria zaidi kuhama. Waliojikuta juu hawakufurahi zaidi.

Nchini Denmark sheria ya mwaka 2006 ilizitaka kampuni kutoa takwimu za malipo kwa jinsia. Pengo lilipungua, lakini hasa kwa sababu mishahara ya wanaume ilipanda polepole. Zoë Cullen na Bobak Pakzad-Hurson walichunguza majimbo ya Marekani yaliyolinda haki ya kuzungumzia mishahara, wakakuta mishahara kwa jumla ilishuka kwa takriban asilimia 2. Maelezo yao ni kwamba mwajiri anayejua kuwa nyongeza ya mmoja itadaiwa na wote hukaza mkono kwa kila mmoja. Athari hiyo ilikuwa ndogo zaidi mahali ambapo mishahara hupangwa kwa majadiliano ya chama cha wafanyakazi na mwajiri.