Ngano za Sikukuu

Ramadhani ya mwaka 2020 ilikuwa haijafika katikati serikali ilipotangaza, tarehe 6 Mei, kwamba hakuna kuingia wala kutoka Mji wa Kale, Mombasa, na vilevile Eastleigh, Nairobi. Ilikuwa ni korona. Mamangu alikuwa ndani ya Mji wa Kale. Mimi nilikuwa Nairobi, mtaa wa South B, na tangu Aprili hata safari za kuingia na kutoka kaunti hizi mbili zilikuwa zimepigwa marufuku. Tulihesabu siku zile kumi na tano tukijua zitaisha kabla ya Idi. Zilipokaribia kuisha, amri ikaongezwa hadi Juni.

Nilimpigia simu usiku, baada ya tarawehe aliyoiswali peke yake chumbani.

"Sasa Idi hii nitapika nini huku, mama?"

"Pika mkate wa mayai. Huo hauna mambo mengi."

Uongo mtupu. Mkate wa mayai una mambo mengi kwa sababu una vitu vichache: mayai, sukari, unga wa ngano na iliki. Hauna siagi, hauna mafuta ndani yake, hauna hamira. Ukiumuka, umeumuka kwa nguvu za mkono wako uliopiga mayai, basi. Nikachukua risiti ya dukani niandike nyuma yake.

"Mayai mangapi?"

"Kwani watu wangapi?"

"Niko peke yangu, mama."

Akanyamaza kidogo. "Tia mayai kumi."

"Kumi? Si nimekwambia niko peke yangu!"

"Kwani huko huna jirani?"

Nikaandika kumi. Nikamuuliza unga kiasi gani, akasema, "Mpaka ukubali." Hilo nalo nikaliandika.

Mimi ni mwalimu wa historia wa shule ya upili. Kwa miaka mingi nimewafunza watoto wa watu habari za reli, walowezi na Pwani ya kale, lakini usiku ule, nikiitazama ile risiti, ndipo nilipogundua kwamba sijawahi kuiuliza sufuria ya kwetu swali hata moja. Ule unga ulifikaje jikoni kwa mamangu? Na kwa nini ulikuwa ukitoka kabatini sikukuu tu? Kiswahili kina neno moja, ngano, kwa nafaka hii na kwa hadithi za kale. Kwa familia yetu hizo ngano mbili zimeshikana.

Nianzie Mombasa. Ibn Battuta alipita hapo mwaka 1331, na katika masimulizi yake anasema watu wa kisiwa hiki hawakulima nafaka bali waliletewa kutoka pwani ya pili, na kwamba chakula chao kikubwa kilikuwa ndizi na samaki. Yaani karibu miaka 700 iliyopita Mombasa ilikuwa tayari ikila nafaka ya kuletewa. Ngano hasa haipendi joto letu la Pwani. Wenye kuipata waliipata kwa majahazi. Kwa hivyo tusidhani kwamba mkate, kwa mababu zetu, ulimaanisha unga mweupe wa pakiti. Kuna mkate wa mofa, wa mtama au mahindi, unaobandikwa ndani ya tanuri la udongo. Kuna mkate wa sinia, wa mchele uliorowekwa, ukasagwa na tui la nazi na iliki, ukaachwa uumuke, kisha ukapaliwa makaa juu na chini. Kuna vileja vya unga wa mchele na samli. Mamangu alivipika vyote hivi, na hakuna kimojawapo kinachohitaji ngano.

Ukitaka kujua nani alipita jikoni, sikiza majina. Hamira ni neno la Kiarabu, na mahamri yametoka kwenye mzizi uo huo. Kaimati na halua, Kiarabu pia. Chapati ni ya Kihindi. Keki ni ya Kiingereza. Mkate wenyewe ni neno letu la Kibantu, nalo likawapokea wageni wote hao likawapa mahali pa kukaa: mkate wa hiki, mkate wa kile.

Wahindi walifanya biashara Pwani karne nyingi kabla ya Mwingereza, kwa hivyo siwezi kusema chapati ya Mombasa ilishuka kutoka kwenye behewa. Lakini bara ni hadithi nyingine. Reli ilianza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896 na ikafika Kisumu mwaka 1901. Waingereza walileta wafanyakazi zaidi ya 30,000 kutoka Bara Hindi. Takriban 2,500 walikufa kazini, na wachache kati ya waliosalia walibaki hapa. Posho yao ilikuwa na unga wa ngano, dengu, mchele na samli, na mfanyabiashara A. M. Jeevanjee wa Karachi ndiye aliyepata kandarasi ya kuwalisha. Chapati ilikuwa chakula cha kibarua, cha kuliwa kando ya njia ya reli jua likichoma.

Kuna kitu kingine walichokuja nacho ambacho hakisemwi sana: lile jiko la makaa la bati, la kubeba mkononi, linahusishwa na mafundi wa Kihindi wa wakati huo huo wa reli. Baadaye, miaka ya mwanzo ya 1980, likatiwa udongo ndani ili lisile makaa mengi, na mafundi wa jua kali wa Shauri Moyo wakalisambaza nchi nzima. Mamangu alikuwa na la bati na la udongo. La bati aliliweka kwa sababu lilikuwa jepesi kulinyanyua na kulitia juu ya kifuniko cha sufuria. Ukimwambia ni hatari, atakwambia hajaanza leo.

Sasa nije Njoro, kwa kuwa nusu yangu inatoka huko. Babangu alizaliwa Njoro, akaajiriwa na reli, akapelekwa Mombasa, akasilimu, akamuoa mamangu. Mamake, yaani cucu wetu, alibaki Njoro na Ukristo wake, na kila Desemba babangu alitupakia sote kwenye garimoshi kwenda kumwona. Tulikuwa watoto wenye sikukuu mbili, na tulijiona tumebahatika kuliko watoto wote wa mtaa.

Njoro ndiko Lord Delamere alikopewa ekari 100,000 mwanzoni mwa karne ya 20, kwa mkataba wa miaka 99, kwenye ardhi iliyokuwa malisho ya Wamaasai. Mwaka 1904 Wamaasai walisainishwa mapatano yaliyowahamisha kutoka Bonde la Ufa. Delamere alijaribu kondoo, akajaribu ng'ombe, wakamfia. Akalima ngano, kutu ikaivamia. Hakukoma, akaleta mtaalamu wa kuchanganya mbegu, na mwaka 1908 akaanzisha kampuni ya kusaga iliyoitwa kwa neno letu wenyewe, Unga. Mwaka 1927 kikafunguliwa Njoro kituo cha utafiti wa mbegu, na mpaka leo ngano kutoka nchi nyingi hupandwa pale ili ipimwe kama itahimili kutu.

Katikati ya ngano ile yote waliishi wazazi wa Cucu. Walikuwa maskwota. Sheria ya mwaka 1918 ilimtaka skwota amfanyie mlowezi kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka, ndipo aruhusiwe kukaa na kulima kipande chake. Cucu alikulia humo. Alitusimulia jinsi alivyopalilia ngano akiwa msichana, akafukuza ndege kwenye ngano, akabeba magunia ya ngano, na nyumbani wakala githeri. Unga mweupe ulikuwa wa dukani na dukani kulitaka pesa. Alikuwa mtu mzima, mwenye watoto, alipokanda chapati yake ya kwanza, na ilikuwa Krismasi.

Wakenya wengi wa rika langu wanaijua Krismasi hiyo. Pesa zilitunzwa tangu Oktoba. Unga ulinunuliwa ukafichwa juu ya kabati. Asubuhi ya siku yenyewe wanawake waliamka alfajiri kukanda, na watoto tulipanga foleni mlangoni tukijifanya tuna shughuli. Chapati zilihesabiwa: watoto mbili, wanaume nne, na za wageni zikafungiwa kwenye sufuria iliyofunikwa kwa kitambaa. Siku hizi watu huchekeshana mtandaoni ati zamani chapati ilikuwa ya Krismasi tu, na sisi hucheka. Lakini kilichofanya iwe ya Krismasi tu ni bei na ardhi. Mtu aliyepalilia ngano ile mwaka mzima aliionja siku moja.

Desemba moja, nikiwa na miaka minane hivi, mamangu aliamua kumpikia mkwewe mkate wa mayai. Akaomba mayai kumi. Cucu akashtuka. Mayai kule yalikuwa karo na chumvi na sabuni. Yalipelekwa sokoni, hayakuvunjwa kumi kwa mpigo kwenye bakuli moja. Akamuuliza babangu kwa Kikuyu, akidhani mamangu haelewi, kama mke wake ni mzima. Mamangu alielewa. Akaendelea kupiga mayai, mkono haukusimama, mpaka yakawa meupe na mazito kama povu la sabuni. Akachekecha unga, akauingiza polepole kwa mwiko. Akapaka sufuria mafuta, akamimina, akafunika, akaweka makaa machache chini na mengi juu ya kifuniko. Cucu alikuwa ameketi kwenye kigoda chake kama mwalimu anayesimamia mtihani.

Ulipoepuliwa, mamangu alikata kipande cha kwanza akampa yeye. Cucu akatafuna. Kisha akasema kwa Kiswahili chake cha Njoro, "Hii mayai haijapotea." Jioni ile akapeleka vipande nyumba tatu za jirani, mwenyewe, kwa miguu, na kila nyumba alirudi na kitu: maziwa, viazi, kuku mmoja mzima aliyefungwa miguu. Na tulipoondoka, mamangu alibeba chapati za Cucu kwenye kopo la Kimbo. Zilifika Mombasa zimekauka. Alizipasha moto akazigawa kwa majirani wa Mji wa Kale kama vitu vya thamani, "za mkwe wangu, kutoka bara."

Mkate wangu wa kwanza wa Idi ya korona ulididimia. Nilifunua kifuniko mapema, nikaona umepanda vizuri, nikafurahi, na mbele ya macho yangu ukazama katikati kama godoro la zamani. Nikampigia. Alicheka mpaka akakohoa. "Umeufunua. Hujui kusubiri, tangu utotoni." Nikatoka mbio kununua mayai mengine kumi, kafyu ilikuwa saa moja. Wa pili ulikubali.

Asubuhi ya Jumapili, tarehe 24 Mei, niliswali sebuleni. Hakukuwa na sinia zinazopita vichochoroni zimefunikwa kawa, hakukuwa na watoto wanaobisha hodi kutafuta mkono wa Idi. Nilikata mkate, nikaweka nusu kwenye sahani, nikavaa barakoa, nikapanda orofa ya juu kwa jirani ambaye kwa miaka mitatu tulikuwa tunasalimiana tu kwenye ngazi. Nikaiweka mlangoni pake, nikabisha, nikarudi nyuma hatua kadhaa. Alifungua, akaangalia sahani, akaniangalia. Sijui ni nani kati yetu aliyetaka kulia kwanza.

Kaunti zilifunguliwa tena Julai, na Idi ya Kuchinja, mwisho wa mwezi ule, niliiwahi nikiwa nyumbani. Nilibeba mizani ndogo ya jikoni. Niliazimia kuandika resipi ya mamangu sawasawa, kwa gramu, kama hati. Kila alipochota unga kwa ngumi nilimzuia nikapima. Ngumi ya kwanza ilikuwa na uzito wake, ya pili wake, ya tatu wake. "Wanichelewesha," akasema. Nilipojumlisha nikapata gramu 310. Kesho yake alipika mwingine, nikapima tena, nikapata 275. Nikamwonyesha. Akasema mayai ya jana yalikuwa makubwa, na leo kuna unyevu, si naona mawingu?

Alifariki Februari 2021, kabla ya Ramadhani nyingine. Cucu alikuwa ametangulia zamani.

Huwa nawaambia wanafunzi wangu kwamba historia inahitaji ushahidi, na wao hudhani ushahidi ni mikataba na tarehe. Mwaka 2022 vita vya Ukraine vilipopandisha bei ya unga hapa kwetu, kwa kuwa sehemu kubwa ya ngano yetu hutoka nje, niliingia darasani na pakiti ya unga nikaiweka mezani, nikawauliza: hii imetoka wapi? Kipindi kizima kikaisha kabla hatujamaliza, na swali lililonishinda liliulizwa na msichana wa nyuma, aliyetaka kujua kama chapati basi si yetu. Nilimjibu kwa habari ya Cucu. Sina uhakika kama lilikuwa jibu la mtihani.

Desemba ile ya 2020, mkesha wa Krismasi, mtoto wa jirani wa juu alibisha hodi. Alikuwa ameshika sahani yangu kwa mikono miwili, imefunikwa karatasi ya foili. Chapati sita, za moto. "Mama amesema tusirudishe tupu," akasema. Nilimpigia mamangu kumweleza, akataka kujua kwanza ni laini au ngumu.

Ile risiti ninayo bado, kwenye kopo la iliki. Wino unafifia upande wa bei, lakini upande wangu unasomeka: mayai kumi, sukari vikombe viwili, iliki, unga mpaka ukubali. Zile gramu 310 na 275 niliziandika chini yake. Idi ikifika sizitazami. Naanza na mayai kumi.