Pumzi na Chupa ya Maji

Pumzi ni kitu ambacho mtu hakikumbuki mpaka kimpungukie. Kwetu Dimani, upande wa Kibiti na delta ya Rufiji, wazee waliuita ugonjwa huo kichomi, na dalili zake walizijua bila kipimo: mbavu za mtoto zinabonyea, pua zinapanuka, ziwa halishiki tena. Aliyekuwa kwenye visiwa vya delta alingoja maji yajae ndipo mtumbwi utoke kumpeleka hospitali. Nimejiuliza mara nyingi: wanadamu walianza lini kumsaidia mwenzao kupumua bila kumtia bomba kooni?

Jibu moja lenye tarehe liko Boston, Marekani, mwaka 1928. Philip Drinker na Louis Shaw walitengeneza sanduku la chuma, mgonjwa wa polio akalazwa ndani, kichwa tu kikabaki nje. Hewa ya sandukuni ilipopunguzwa, kifua kilipanuka na pumzi ikaingia. Likaitwa pafu la chuma. Mwaka 1952 polio iliivamia Copenhagen, na masanduku hayakutosha. Daktari Bjørn Ibsen akaonyesha njia nyingine: koo litobolewe, hewa isukumwe kwa mfuko wa mpira. Wanafunzi wa udaktari wakakesha kwa zamu wakiiminya mifuko hiyo. Tangu hapo bomba la kooni likatawala, nalo ladai mashine, umeme na watu waliosomea.

Mwaka 1971 George Gregory wa San Francisco na wenzake walieleza jambo lililowafaa watoto njiti: pafu lisiachwe lijifunge mtoto anapotoa pumzi. Wazo hilo lafanya kazi hata kwa chupa ya maji. Oksijeni hupitia vijibomba vya puani, na bomba la kutolea pumzi huzamishwa majini. Likizama sentimita 5, pumzi haina budi kuushinda uzito wa maji hayo ndipo itoke kama mapovu, na msukumo huo mdogo huyaweka mapafu wazi.

Huko Dhaka, Bangladesh, Dk. Jobayer Chisti na wenzake walitumia chupa za shampuu. Katika matokeo ya mwaka 2015, watoto wenye kichomi kikali waliopewa mapovu walikufa 4 katika kila 100. Waliopewa oksijeni ya kawaida, 15. Nani asingeshangilia? Lakini mwaka 2019 zikatoka habari za Salima, Malawi, ambako watoto walikuwa na kichomi kikali pamoja na hatari nyingine, kama virusi vya Ukimwi, utapiamlo au upungufu wa oksijeni. Wa mapovu walikufa 17 katika 100, wa oksijeni ya kawaida 11.

Njia ni ile ile, ndugu msomaji. Wagonjwa hawakufanana, ni kweli. Lakini Dhaka madaktari walikuwa karibu, na Salima wadi haikuwa na daktari wa kuisimamia kila siku. Chombo kisicho na nahodha, hata kikiwa kipya, hakifiki.

Korona ilipoingia Tanzania, Machi 2020, hofu nyingine ilikuwa imeenea duniani: kwamba hewa inayosukumwa kwa barakoa itawatawanyia virusi wahudumu. Hofu hiyo haikuwa ya kijinga, maana muuguzi naye ana watoto nyumbani. Hata hivyo, utafiti wa Uingereza uliotangazwa mwaka 2022 ulionyesha kuwa waliosukumiwa hewa kwa barakoa walihitaji bomba la kooni au walikufa 36 katika 100, na wa oksijeni ya kawaida 44. Kumbe mgonjwa hakustahili kunyimwa. Mhudumu ndiye alistahili kinga, na wadi madirisha.

Kwa hiyo tunapoiombea Kibiti yetu mitambo, tusiishie kwenye mitambo. Tuombe oksijeni isiyokatika, kipimo cha kidoleni, na muuguzi wa zamu ya usiku asiyeachiwa watoto thelathini peke yake. Chupa tunazo. Anayetakiwa ni mtu wa kuyatazama mapovu hadi alfajiri, na wa kumwita daktari yanapokoma.