Mafunzo ya Uandishi wa Habari na Uchaguzi wa Chuo katika Nchi ya Majani Chai: Kericho na Bomet

1. Utangulizi

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yatangazwapo, wazazi wengi wa Kericho na Bomet hukabiliwa na swali moja: mtoto apelekwe chuo gani? Kwa kijana atakaye kuwa mwandishi wa habari, swali hili lina uzito wa pekee. Vyuo vinavyofundisha kazi hiyo ni vingi, ada zake zinatofautiana sana, na kila kimoja hujitangaza kuwa ni bora. Mkulima mdogo wa majani chai hulipwa kiasi fulani kila mwezi kulingana na uzito wa majani aliyoyapeleka kituoni, kisha hungoja bonasi ambayo hutoka mara moja kwa mwaka, aghalabu karibu na mwezi wa Oktoba. Katika fungu hilo ndimo inamotoka ada ya mtoto. Fedha hizo zikipotelea katika chuo kisichofaa, hazipatikani nyingine mpaka mwaka ugeuke, na pengine kijana mwenyewe asirudi tena darasani.

Makala haya yanakusudia kulitazama swali hilo kwa njia ya historia. Twataka kuonyesha mambo mawili. Kwanza, kwa muda mrefu gharama ya kumfunza mwandishi wa habari katika Kenya haikubebwa na mzazi, na kwa hiyo mzazi hakurithi kipimo chochote cha kuchagulia chuo. Pili, katika vipimo vinavyotumiwa sasa, kimoja kimesahauliwa, nacho ni lugha atakayoifanyia kazi mhitimu. Jambo hili la pili latuhusu sisi walimu wa lugha moja kwa moja.

2. Kabla ya vyuo

Miaka ya 1920 ndiyo iliyoibadili nchi ya Wakipsigis. Makampuni ya Brooke Bond na James Finlay yalianza kupanda majani chai kwa wingi katikati ya miaka hiyo, na mwaka 1925 serikali ya kikoloni ilifungua shule ya Kabianga. Mashamba yalileta wafanyakazi wa makabila mengi, Waluo, Wakisii, Waluhya na wengineo, wakafanya kazi bega kwa bega na Wakipsigis. Kiswahili kikawa lugha ya kuelewana kazini. Shule nayo ilizaa wasomaji. Hata hivyo hapakuwa na mahali popote katika Kenya ambapo Mwafrika angeweza kufunzwa uandishi wa habari darasani. Gazeti la Kiswahili la Baraza lilipoanzishwa mwaka 1939 na wenye East African Standard, mhariri wake wa kwanza, Francis Khamisi, hakuwa na chuo cha namna hiyo cha kupitia humu nchini. Kazi ilijifunzwa kazini.

Mfano ulio bora wa Kericho yenyewe ni Dakta Taaitta Toweett (1925–2007). Baada ya kusoma Makerere, alipewa msaada wa masomo na baraza la Wakipsigis mwaka 1955, akaenda Torquay, Uingereza, kusomea utawala na huduma za jamii. Shahada yake ya kwanza aliipata Chuo Kikuu cha Afrika Kusini. Aliporejea akawa afisa wa maendeleo ya jamii, na katika miaka hiyo alihariri jarida la Kikipsigis, Ngalek Ap Kipsigisiek, lililotoka mara nne kwa mwaka. Hakusomea uhariri, aliujua kwa kuufanya, tena katika lugha ya nyumbani kwao. Mwaka 1958 aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria. Mwaka 1976, UNESCO ilipofanya Mkutano wake Mkuu wa kumi na tisa Nairobi, Toweett ndiye aliyechaguliwa kuwa rais wa mkutano huo. Miongoni mwa mambo yaliyojadiliwa kwa ukali ni jinsi habari za dunia zinavyotawaliwa na mataifa machache. Na katika mwaka uliofuata ikaundwa tume ya Sean MacBride kulichunguza suala hilo. Baadaye, mwaka 1979, Toweett alichapisha kitabu chake juu ya isimu ya Kikalenjin. Mhariri wa jarida dogo la kijijini, msimamizi wa mjadala wa habari wa dunia, na mwanaisimu: hawa walikuwa mtu mmoja. Mafunzo ya siku zetu yamewatenganisha.

3. Mafunzo yaliyolipiwa na wengine

Mafunzo rasmi yalikuja pamoja na uhuru. Mwaka 1961 ilianzishwa Nairobi shule ya kuwafunza mafundi wa mitambo ya utangazaji. Hiyo ndiyo asili ya chuo tukijuacho leo kwa herufi za KIMC. Kati ya mwaka 1963 na 1968 Taasisi ya Kimataifa ya Magazeti iliendesha Nairobi mafunzo ya miezi sita kwa waandishi wa Kiafrika, kwa fedha za Ford Foundation. Kwa miaka kadha yalisimamiwa na Tom Hopkinson, aliyewahi kuhariri Picture Post huko London na Drum huko Afrika Kusini. Zaidi ya waandishi 300 kutoka nchi mbalimbali walipitia hapo. Kisha mwaka 1970 Chuo Kikuu cha Nairobi kikafungua Shule ya Uandishi wa Habari, kwa kiwango cha stashahada, ikisaidiwa na UNESCO na baadhi ya serikali za Ulaya. Jirani zetu wa Tanzania walianzisha shule yao mwaka 1975, nayo ikaunganishwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2003.

Yafaa tuangalie ni nani aliyelipa. Katika mafunzo ya Hopkinson ni wafadhili wa Marekani. KIMC na Chuo Kikuu ni serikali pamoja na wafadhili. Na kwa Toweett, ingawa si kwa uandishi, ni baraza la watu wake. Aliyelipa ndiye pia aliyechagua: alichagua chuo, mtaala, na mara nyingi hata mwanafunzi. Nafasi zilikuwa chache na kijana wa Bomet aliyezikosa hakuwa na pa kwenda. Lakini aliyezipata hakuwa na haja ya kuuliza kama chuo chake kina mitambo au hakina.

4. Mzigo kumwangukia mzazi

Hali hiyo ilibadilika katika miaka ya 1990. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu iliundwa mwaka 1995. Mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kupokea wanafunzi wa kujilipia wenyewe, na vyuo vikuu vingine vikafuata. Wakati huohuo serikali ililegeza mkono wake juu ya mawimbi ya redio. Vituo vipya viliongezeka, na kwa kila kituo kilichofunguliwa vijana waliona ajira, na wenye mitaji wakaona soko la vyuo. Ndipo mkulima wa Litein au Sotik alipojikuta, kwa mara ya kwanza, yeye ndiye mfadhili.

Mfadhili huyu mpya hakupewa maarifa ya mfadhili wa zamani. Aghalabu hutazama ada iliyoandikwa, naye husahau kwamba Nairobi iko umbali wa kilomita zipatazo 260, na kwamba chumba, chakula na nauli vyaweza kuizidi ada yenyewe. Kwa hiyo chuo chenye ada ya juu kidogo kilicho Eldoret, ambako KIMC nayo ina tawi, chaweza kuwa nafuu kuliko chuo cha ada ya chini jijini. Kukaribia pekee nako hakutoshi. Chuo Kikuu cha Kabianga kilipata hati yake mwaka 2013, na Chuo Kikuu Kishiriki cha Bomet kilianza mwaka 2017. Lakini kuwapo kwa chuo kikuu jirani hakumaanishi kwamba kila taaluma imo ndani yake, na ni lazima mzazi aulize.

Vipo pia vipimo vya kisheria. Vyuo vikuu huidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, na vyuo vya ufundi na stashahada husajiliwa na mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2013. Baraza la Vyombo vya Habari, lililopewa nguvu za sheria mwaka 2007 na tena mwaka 2013, ndilo liwatambualo waandishi. Chuo kisichoweza kuonyesha hati ya usajili hakistahili kupewa hata senti, iwe ada yake ni ndogo namna gani. Baada ya hapo yabaki maswali ambayo historia yenyewe imetufunza: je, walimu wamewahi kufanya kazi katika chumba cha habari, kama Hopkinson? Je, wanafunzi hutoa gazeti au kipindi chao wenyewe, kama Toweett alivyotoa jarida?

5. Kipimo kilichosahauliwa

Tumefikia hoja yetu kuu. Mhitimu kutoka Kericho au Bomet ataajiriwa wapi? Baadhi watapata magazeti ya Kiingereza. Lakini wengi watabisha milango ya redio: zile za Kiswahili, au zile za Kikalenjin kama Kass FM, Chamgei FM na Kitwek FM ya shirika la taifa. Hata hivyo mafunzo yao kwa sehemu kubwa hutolewa kwa Kiingereza. Mwanafunzi hufundishwa sheria ya kashfa, mahojiano na uhariri katika lugha moja, kisha huketi mbele ya kipaza sauti akatakiwa kuyatenda hayo yote katika nyingine.

Tuchukue mfano mdogo. Katika Kiswahili, mshukiwa si mshtakiwa, na mshtakiwa si mhalifu mpaka mahakama iseme. Anayeyachanganya maneno hayo hewani amekwisha kumhukumu mtu mbele ya wilaya nzima. Msomaji wa habari wa Kikipsigis ahitaji tofauti hizo hizo katika lugha yake, naye asipoandaliwa darasani atazibuni papo hapo, kwa haraka, taa nyekundu ikiwaka.

Wala hili si jambo la wanaisimu kujifurahisha. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliyafikia mashamba ya majani chai ya Kericho, ambako watu waliofanya kazi pamoja kwa miaka mingi walifukuzana. Tume ya Jaji Waki, iliyotoa ripoti yake Oktoba 2008, iliandika juu ya shutuma za uchochezi zilizotolewa dhidi ya baadhi ya redio za lugha za kienyeji. Mtangazaji mmoja wa Kikalenjin alishtakiwa katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai. Kesi yake ilikomeshwa Aprili 2016 bila ya hukumu ya hatia. Hatulitaji jambo hili kumlaumu yeyote. Twalitaja kwa sababu laonyesha kwamba neno lisemwalo kwa Kikipsigis lina uzito uleule wa neno lisemwalo kwa Kiingereza, ilhali msemaji wake hakufunzwa kulipima.

6. Hitimisho

Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Kwa mintaarafu ya vyuo vya habari, historia yatufunza kuongeza kwamba ghali nayo huuvunja, ikiwa kinachopikwa sicho kitakacholiwa. Mzazi wa Kericho na afanye hesabu ya gharama yote, na aulize habari za usajili, walimu na mitambo. Lakini asikose kuuliza pia mwanawe atafunzwa kuandika na kusema katika lugha gani.

Swali hilo likiulizwa, jibu litatudai sisi. Tangu mfumo wa elimu wa mwaka 1985, vizazi vya watoto wa nchi ya majani chai wamefanya mtihani wa Kiswahili kwa lazima, na Katiba ya mwaka 2010 imekifanya kuwa lugha rasmi, pamoja na kuliagiza taifa lizikuze lugha za kienyeji. Bado idara zetu hazijaandika kitabu cha kutosha cha uhariri wa habari kwa Kiswahili, seuze Kikipsigis. Kitabu hicho kisipokuwapo, hatuna haki ya kumcheka mkulima aliyechagua vibaya, kwa kuwa alichagua katika vile tulivyomwekea mbele.