Jina lenye kufichwa: historia fupi ya Glassdoor

Wenzangu malisansie, wengi wetu tukitafuta kazi kwenye mashirika makubwa tunapita kwanza kwenye Glassdoor kusoma batu banasema nini juu ya bakubwa ba kule. Kisha na sisi tunaandika, juu jina haionekane. Basi tuangalie ile kuficha jina imefika wapi.

Glassdoor ilianzishwa California mwaka 2007, ikafunguliwa kwa watu 2008. Ilikuwa nipe nikupe: ukitaka kusoma mishahara ya wengine, unaacha na wewe habari ya kazi yako. Bila kuficha jina, nani angesubutu? Lakini ili uandike walikuomba emaili. Njo pale shida ilianzia: msomaji hakuoni, lakini alama yako iko mahali inalindwa, na kitu chenye kulindwa kinaweza kuombwa.

Kikaombwa. Waendesha mashtaka wa serikali ya Marekani, kule Arizona, walikuwa wanachunguza kampuni yenye mkataba wa huduma za afya za wanajeshi wa zamani. Walitaka majina ya walioandika juu ya ile kampuni, zaidi ya 100, kisha wakashuka mpaka 8. Hawakutaka kuwashitaki, walitafuta mashahidi tu. Glassdoor ilikataa, ikaenda mpaka tribinali ya rufaa, na 2017 ikashindwa.

Ya 2022 inaniogopesha zaidi, sababu safari hii muombaji ni mwajiri mwenyewe. Zuru, watengenezaji wa vitu vya kuchezea vya watoto wenye asili ya Nyuzilandi, walisema wamechafuliwa jina. Walitaka kushitaki kwao, lakini alama zilikuwa Marekani. Zuzi wa California akaamuru Glassdoor izitoe. Ukiandika Lubumbashi, ni sheria ya inchi gani itakulinda? Fikiria kidogo.

2024 watumiaji wengine walilalamika kwamba majina yao ya kweli yaliongezwa kwenye akaunti bila ruhusa yao. Kampuni ikajibu kwamba maoni yanabaki bila jina.

Na kuna njia ingine isiyopita kwa tribinali. Mradi uko na baagronome batatu, mumoja tu anafwata mihogo. Akiandika "pikipiki ya mihogo haijatengenezwa toka mwezi wa tatu," mukubwa hana haja ya zuzi.