Vyakula vya Kuchoma Visivyo na Nyama katika Dadamu

Katika Dadamu, kwenye nchi ya Walugbara wa Ayivu kando ya mji wa Arua nchini Uganda, nyama haikuwa chakula cha kila siku. Mwanaanthropolojia John Middleton, aliyeishi na Walugbara kati ya 1949 na 1952, alieleza kwamba mifugo ilichinjwa hasa kwa ajili ya matambiko ya mababu, na nyama ikagawanywa kwa ndugu wa ukoo kwa utaratibu unaojulikana. Siku za kawaida watu walikula ugali wa ulezi au mtama kwa kunde, majani ya kunde na mboga nyingine, zikiungwa kwa ufuta uliosagwa.

Ulezi na mtama ni nafaka za kusaga. Vyakula vingi vinavyowekwa juu ya makaa vilivyo maarufu leo vilikuja baadaye: mahindi, muhogo, viazi vitamu na karanga asili yake ni Amerika. Wareno walivifikisha pwani za Afrika kuanzia karne ya 16, navyo vikaingia bara polepole, vingine kwa njia ya Kongo. Nile Magharibi, eneo lenye mji wa Arua, ilikuwa sehemu ya Lado, iliyoshikwa na Mfalme Leopold II wa Ubelgiji hadi alipofariki Desemba 1909. Mwaka 1910 ikawekwa chini ya Sudan, na 1914 ikahamishiwa Uganda, Arua ikawa makao ya wilaya chini ya mkuu wa wilaya A. E. Weatherhead.

Serikali ya kikoloni ilihimiza muhogo kuwa akiba ya njaa, kwa kuwa mzizi hukaa ardhini hata mvua ikikatika, wala nzige hawaufikii. Kilichopandwa kama akiba kikawa chakula kikuu, na ugali wa Arua sasa ni wa unga wa muhogo, mara nyingi ukichanganywa na ulezi au mtama.

Si kila muhogo unafaa kuchomwa, na hapa ndipo ujuzi wa wakulima unapostahili heshima kubwa. Muhogo mchungu una kemikali zinazotoa saianidi, na kuuchoma peke yake hakuziondoi za kutosha. Huo hulowekwa au huvundikwa, hukaushwa juani, kisha husagwa. Wa kuchoma ni muhogo mtamu, uliotoka kuchimbwa, kwa maana ukikaa siku mbili tatu huanza kuharibika. Humenywa, hupasuliwa na kutolewa uzi wa katikati, halafu huwekwa juu ya makaa yaliyotulia. Ukiwekwa kwenye mwali huungua nje, ndani ukabaki mbichi. Ugonjwa mkali wa muhogo uitwao batobato, ulioenea Uganda kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, uliangamiza mashamba mengi, hata watafiti wa kituo cha Namulonge wakatoa mbegu zinazoustahimili.

Viazi vitamu hufukiwa katika majivu ya moto pamoja na maganda yake. Mahindi mabichi huchomwa katikati ya mwaka, mavuno ya kwanza yanapokaribia, na ladha yake hupungua kila saa inayopita tangu kuvunwa. Gonja, aina ya ndizi inayojulikana sana kwa wasafiri wa barabara ya Kampala, huchomwa ikiwa imeiva.

Mjini Arua walikuwapo pia watu wenye sababu zao za kutokula nyama. Wakatoliki hujizuia nayo Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Wasabato wengi huipunguza au huiacha kabisa. Miongoni mwa wafanyabiashara wa Kihindi, waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972, Wahindu wengi hawakuila maisha yao yote. Baadaye mashirika yanayohudumia wakimbizi, hasa wa Sudan Kusini, yalileta wageni kutoka nchi nyingi, na baadhi yao hawagusi hata maziwa wala mayai.

Mgeni wa namna hiyo hufaa kutengewa wavu wake wa kuchomea, kwa kuwa mafuta ya mbuzi yaliyoganda kwenye chuma huingia katika chakula kinachofuata. Mahali pa siagi hutumika mafuta ya ufuta, au ya mti wa shea, unaomea wenyewe Nile Magharibi. Muhogo na viazi hutia nguvu lakini vina protini kidogo, hivyo huliwa kwa kunde zilizopikwa au kwa rojo ya karanga na ufuta, ambayo pia huondoa ukavu wa muhogo uliotoka motoni.