Maji Yaliyotumika na Taka za Nyumbani: Historia ya Newala na Hukumu za Fiqhi

 

Imeenea dhana kwamba kila kilichokwisha tumika nyumbani ni uchafu, kila uchafu ni najisi, na kila najisi haina matumizi. Dhana hii ina makosa matatu kwa pamoja. Historia ya Newala inaonesha gharama yake, na vitabu vya fiqhi vinaonesha ubatili wake.

Newala iko ukingoni mwa uwanda wa juu wa Makonde, zaidi ya mita 600 kutoka usawa wa bahari, na Mto Ruvuma unapita mbali chini kusini. Udongo wa juu ni wa kichanga. Mvua inaponyesha maji huzama chini sana. Karl Weule, mtafiti Mjerumani wa makumbusho ya Leipzig aliyekaa Newala mwaka 1906, aliandika juu ya taabu ya maji mahali hapo: yalifuatwa chini ya mteremko na kupandishwa juu. Katika miaka ya 1950 ulianzishwa mradi wa kuyasukuma kwa mashine kutoka mabondeni, na katika miaka ya 1970 nchi ya Finland ilisaidia miradi ya maji Mtwara na Lindi. Wananchi nao, fedha ya korosho ilipowawezesha kuezeka bati, walichimba visima vya saruji vya kuvunia maji ya paa. Pamoja na hayo, kwa miaka mingi ndoo moja wakati wa kiangazi iliendelea kuwa na thamani kubwa, na mwenye kubeba mzigo huo kichwani mara nyingi alikuwa mama au binti.

Sasa tuulize: maji yaliyokwisha tawadhiwa yana hukumu gani? Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo yetu wengi, maji hayo ni tohara ila hayatoharishi. Yaani huwezi kuyatawadhia tena, lakini unaweza kunyweshea mifugo, kumwagilia mboga, kukandia udongo na kufulia nguo isiyo na najisi. Imam Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria) ameeleza katika Minhaj kwamba yakikusanywa yakafikia qullatain, basi kwa kauli iliyo sahihi zaidi hurudia kutoharisha. Wanazuoni wa zama hizi wamekadiria qullatain kuwa kati ya lita 190 na 216 au zaidi kidogo. Pipa moja la lita 200 liko karibu na kipimo hicho, na mwenye kutaka kutoka katika shaka aongeze. Ama Imam Malik, kwake kuyatawadhia tena ni karaha tu.

Hata maji yaliyonajisika hayakosi kazi, kwani yanafaa kumwagilia mimea. Na mwaka 1409 Hijria (1989), Baraza la Fiqhi la Rabita mjini Makka lilipitisha kwamba maji machafu yakisafishwa mpaka rangi, ladha na harufu ya najisi vikaondoka, yanakuwa tohara na yanatoharisha.

Tukija kwenye taka ngumu, asili yake ni hadithi ya kondoo wa mjakazi aliyeachwa huru na Bi. Maimuna (r.a.), iliyopokewa na Bukhari na Muslim. Kondoo alikufa akatupwa. Mtume (s.a.w.) akawauliza kwa nini hawakunufaika na ngozi yake, na walipotaja kuwa ni mzoga akabainisha kwamba kilichoharamishwa ni kumla. Tazama, ndugu msomaji: hata mzoga haukutupwa wote.

Samadi nayo ni najisi kwa Shafi, lakini kuitia shambani kunajuzu na mazao yake ni halali. Imepokewa kwamba Saad bin Abi Waqqas (r.a.) alikuwa akibeba mbolea kupeleka shambani kwake. Kuiuza ndiko kusikosihi katika madhehebu yetu, ingawa Hanafi wameruhusu. Majivu ya kuni yanayosugulia masufuria ni tohara. Majivu ya samadi iliyochomwa si tohara kwetu.

Wala jambo hili si geni katika historia ya Uislamu. Tangu karne ya 2 Hijria, Samarkand na kisha Baghdad, karatasi ilitengenezwa kwa matambara ya kitani na kamba kuukuu. Elimu yetu ya fiqhi imetufikia juu ya nguo zilizotupwa.

Zipo taka ambazo wazee wetu hawakuzijua. Kopo waliligeuza koroboi, na chupa ikawekewa mafuta. Mfuko wa plastiki hauozi, na ukichomwa moshi wake humdhuru jirani. Mifuko hiyo ilipigwa marufuku Tanzania Bara tangu tarehe 1 Juni 2019, na kuitii amri hiyo kunaafikiana na kanuni ya kuondoa madhara.

Hivyo basi, mwenye kumwaga kinachofaa kwa kudai anajitoharisha, amechukua jina la tohara akaacha hukumu zake. Mtume (s.a.w.) amekataza kupoteza mali, na katika Newala maji ni mali iliyolipiwa kwa shingo ya mwanamke. Tuwafundishe vijana wetu madrasa mlango wa maji pamoja na ndoo mkononi, ili wajue lipi la kutawadhia, lipi la bustani, na lipi la kumwaga.