Mwili Usemapo: Sanaa ya Kushtua na Misiba ya Nyanda za Juu Kusini

Mwaka 1974, mjini Naples, msanii Marina Abramović, mzaliwa wa Belgrade, alijitoa mbele ya watu kwa saa 6 bila kujitetea. Mezani aliweka vitu 72, miongoni mwao waridi, asali, mkasi, mjeledi, bastola na risasi moja, akawaruhusu waliohudhuria kuvitumia juu ya mwili wake wapendavyo. Mwanzoni walimtendea kwa upole. Baadaye walimchania nguo, wakamjeruhi ngozi, na hata bastola ikaelekezwa kwake. Saa zilipotimia naye akaanza kutembea, wakamkimbia. Wanafunzi wasikiapo habari hii huuliza kama ni sanaa au ni wazimu.

Tusiharakishe kujibu. Isaya alitembea uchi na bila viatu miaka 3 (Isa. 20:2-3). Ezekieli aliamriwa kulala kwa ubavu wa kushoto siku 390 na wa kuume siku 40, na kuoka mkate wake juu ya kinyesi cha mwanadamu, ni baada ya kulalamika tu ndipo aliporuhusiwa kutumia samadi ya ng'ombe (Eze. 4:4-15). Mahubiri yetu juu ya sura hiyo huwa mafupi mno. Hata hivyo jambo moja liko wazi: masikio yalipokwisha kuzibwa, nabii mwenyewe alifanywa kuwa ujumbe. Bila shaka nabii ametumwa, ilhali msanii amejituma.

Katika nchi yetu suala hili lilijitokeza si katika ukumbi wa sanaa bali penye kaburi. Wamisionari wa Moravian na wa Berlin walifungua vituo vyao vya kwanza Unyakyusa, katika Mkoa wa Mbeya wa leo, mwaka 1891. Godfrey Wilson, aliyefanya utafiti Rungwe katika miaka ya 1930 pamoja na mkewe Monica, ametuachia maelezo marefu ya maziko ya huko, yaliyochapishwa mwaka 1939. Wanawake walilia kwa sauti kuu karibu na maiti. Wanaume, mikuki mikononi na njuga miguuni, walicheza ngoma ya vita. Kila mmoja aliruka peke yake, lakini mdundo ulikuwa mmoja. Mgeni angedhani ni sherehe. Wenyeji walimweleza Wilson kwamba kucheza huko ndiko kuomboleza.

Wakristo waliiacha ngoma hiyo, wakaimba tenzi. Kusema kweli wamisionari hawakukosa sababu, kwani mapigano yalizuka mara nyingi katika misiba hiyo, na maziko yenyewe yalifungamana na ibada za wahenga. Lakini katazo lilitangulia swali. Mwanamume aliyezoea kuutoa uchungu wake kwa miguu alipewa kitabu cha nyimbo, akaambiwa atulie. Nasi wachungaji wa leo, ni mara ngapi tumefika msibani na neno letu la kwanza likawa "nyamazeni"?

Iringa inao mwili mwingine wa kutafakariwa. Mtwa Mkwawa wa Wahehe alijipiga risasi tarehe 19 Julai 1898 ili adui asimkamate akiwa hai. Theolojia yetu haikisifu kitendo hicho, wala haina budi kukifumbia macho. Wajerumani walimkata kichwa. Mkataba wa Versailles wa 1919, katika kifungu cha 246, uliagiza fuvu lake likabidhiwe Serikali ya Uingereza. Ila ni mwaka 1953 ndipo Gavana Edward Twining alipolitafuta miongoni mwa mafuvu ya makumbusho ya Bremen. Tarehe 19 Juni 1954 lilikabidhiwa kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa huko Kalenga.

Basi mshtuko peke yake hauwezi kuwa kipimo chetu. Mchezaji wa Rungwe alimshtua mgeni, naye aliutoa mwili wake mwenyewe. Mafuvu ya Bremen hayakutolewa na wenyewe. Yalihifadhiwa kwa jina la elimu, wala hakuna aliyeyaita onyesho la kushtua. Fuvu la Kalenga limewekwa nyuma ya kioo katika makumbusho madogo ya hapo, na wanafunzi wetu wapitapo Iringa huingia kulitazama, wengine wakivua kofia, wengine wakiuliza kama yaruhusiwa kupiga picha.